Je, sakafu yako itabeba tangi la samaki? Mwongozo kamili wa kupima kabla ya kumwaga maji

Tangi la urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50 ni la kawaida sebuleni. Likishawekewa mchanga, mawe na maji, na kukaa juu ya stendi yake, huwa na zaidi ya kilo 400. Ni sawa na watu wazima sita waliosimama bega kwa bega kwenye eneo lisilofika mita moja ya mraba, tena hawatoki hapo usiku wala mchana.

Watu wengi huuliza: sakafu hubeba lita ngapi? Ukiuliza hivyo hutapata jibu la maana. Tangi lilelile, ndani ya chumba kilekile, linaweza kuwa salama kabisa likiegemezwa ukuta mmoja, na likawa limepita kiwango likisogezwa katikati ya chumba. Kinachoamua ni mambo mawili: sakafu imejengwaje, na tangi liko umbali gani kutoka kwenye ukuta au bimu inayoibeba sakafu hiyo.

1. Pata uzito kamili, si wa maji peke yake

Lita moja ya maji baridi ni kilo moja. Maji ya chumvi ya kufugia samaki wa baharini huzidi kidogo, kama kilo 1.025 kwa lita. Kioo cha milimita 10 kina kilo 25 kwa kila mita ya mraba, na cha milimita 12 kina kilo 30. Mchanga au changarawe ni kama kilo 1.6 kwa lita.

Tufanye hesabu ya tangi letu la 120 × 50 × 50 lenye kioo cha milimita 10:

- Kioo: chini mita za mraba 0.6, mbele na nyuma 1.2, pembeni 0.5. Jumla 2.3 × 25 = kilo 58.
- Mchanga wa kimo cha sentimita 5: kama lita 28 × 1.6 = kilo 45.
- Mawe: tuseme kilo 40.
- Maji yakifika kimo cha sentimita 46: nafasi ya ndani ni lita 260. Toa lita 32 zinazochukuliwa na mchanga na mawe, zinabaki 228, yaani kilo 228.
- Stendi, kifuniko, taa na chujio lililojaa maji: kilo 50.

Jumla ni kama kilo 420. Andika namba hiyo mahali, tutaitumia mpaka mwisho.

Kuhusu mawe, wanaofuga mbuna wa Ziwa Nyasa au samaki wa miambani wa Ziwa Tanganyika hujaza mawe mengi, na huingiwa na hofu bila sababu kubwa. Jiwe huondoa maji mahali linapokaa. Kilo 100 za mawe huondoa takriban lita 38, kwa hiyo uzito unaoongezeka ni kilo 62, si 100. Ila mawe yakae juu ya kioo cha chini kabla ya mchanga. Ukiyaweka juu ya mchanga, samaki watachimba chini yake na jiwe litaporomokea kioo.

2. Ijue sakafu uliyonayo

*Sakafu ya chini, juu ya ardhi.* Hapa wengi hawana tatizo. Zege limelala juu ya kifusi na mawe yaliyoshindiliwa, na uzito unashuka moja kwa moja ardhini. Yanayoharibu ni mawili. La kwanza ni kifusi ambacho hakikushindiliwa vizuri au kimesombwa na maji ya bomba lililopasuka chini. Gonga sakafu kwa kipini cha nyundo: ikilia kama ngoma sehemu kubwa, mita nzima au zaidi, pana uwazi chini. La pili ni udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa Kitengela na Athi River, ambao huvimba msimu wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi. Sakafu haitaanguka, lakini hupanda upande mmoja, stendi inapinda, na kioo ndicho kinachopasuka. Kama nyumba ina nyufa zinazofunguka na kufunga kwa misimu, weka tangi dogo, au pima usawa wa stendi kila mvua zinapoanza na zinapoisha.

*Slabu ya zege ya ghorofani.* Hii ndiyo sakafu ya maghorofa mengi Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala. Tutaifanyia hesabu yake hapo chini.

*Slabu ya mbavu na matofali yenye matundu.* Hapa zege zito liko kwenye mbavu tu, na katikati yake kuna tofali tupu lililofunikwa kwa tabaka jembamba la zege, mara nyingi la sentimita 5. Mguu mwembamba wa stendi ukiangukia katikati ya mbavu mbili unakaa juu ya tabaka hilo peke yake. Laza tangi likingame na mbavu ili uzito ugawanywe kwa mbavu kadhaa, na stendi iwe na fremu inayogusa sakafu urefu wake wote badala ya miguu minne.

*Sakafu ya boriti.* Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Mji wa Kale wa Mombasa na Lamu zina sakafu za boriti za mikoko, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti hizo huvuka kama mita 2.5 hadi 3 tu. Sakafu hiyo tayari ni nzito kwa uzito wake yenyewe, na boriti huanza kuoza pale zinapoingia ukutani, ambapo macho hayafiki. Kwa hiyo kanuni ya kusogeza tangi ukutani, iliyo sahihi kwa zege, hapa inaweza kukupeleka palipo dhaifu zaidi. Kabla ya lolote, tazama dari ya chumba cha chini. Choma ncha za boriti kwa bisibisi: ikizama zaidi ya milimita chache bila nguvu, au ukiona unga wa mchwa au doa la maji chini ya choo, acha mpango huo. Hata boriti zikiwa nzima, tusingevuka tangi la urefu wa sentimita 60 bila mhandisi anayeyajua majengo ya aina hiyo.

*Sakafu ya mbao.* Ipo kwenye baadhi ya nyumba za zamani za Nairobi, na ndiyo wanayoikuta ndugu zetu wengi walioko Uingereza, Marekani na Kanada. Mbao za juu hukingama na mihimili iliyo chini yake, na mistari ya misumari hukuonyesha mihimili iko wapi, kwa kawaida kila sentimita 40 hadi 60. Tangi likingame na mihimili ili likanyage mitatu au minne, karibu na ncha zake. Ukililaza sambamba na mihimili, mmoja utabeba karibu mzigo wote. Weka glasi ya maji mezani hapo unapotaka tangi, kisha mtu mzima apite karibu kwa hatua za kawaida. Maji yakitikisika wazi, mihimili inanesa na inahitaji kuimarishwa kwanza.

3. Tafuta ukuta unaobeba slabu

Hapa ndipo wengi hukosea. Kwenye jengo la nguzo na bimu, kuta nyingi za ndani ni za kugawa vyumba tu. Zimejengwa juu ya slabu baada ya zege kukauka, na badala ya kuisaidia zinaiongezea mzigo. Kuliegemeza tangi kwenye ukuta wa namna hiyo katikati ya slabu ni sawa na kuliweka katikati ya chumba.

Kutambua si kazi ngumu. Shuka ghorofa ya chini, muombe jirani akuruhusu kutazama dari yake. Bimu hujitokeza chini ya dari kama mstari mnene wa zege. Pima kwa futi umbali wake kutoka ukuta wa nje, kisha rudi juu upime umbali uleule. Kama jengo halina bimu zinazoonekana, tazama kama ukuta wako una mwenzake chini yake moja kwa moja, na ni wa tofali za inchi 9 au za inchi 6. Msimamizi wa jengo akiwa na michoro ya mhandisi, dakika tano za kuitazama zinakutosha.

Kisha ujue slabu inavuka upande gani. Chumba cha mita 3.5 kwa 6 hubeba zaidi kwa upande mfupi, yaani nondo kubwa zinavuka zile mita 3.5. Tangi likae sambamba na ukuta mrefu unaopokea ncha za nondo hizo. Chumba kikikaribia mraba na kuta zote nne zikiwa zinabeba, kona ndiyo nafasi bora kuliko zote.

4. Hesabu ya slabu

Nyumba za kuishi husanifiwa zibebe watu na samani kwa kiwango cha kilonyutoni 1.5 hadi 2 kwa mita ya mraba, yaani kilo 150 hadi 200. Kiwango cha Uingereza, kilichotumika sana kwetu, kilikuwa 1.5. Tutatumia 150.

Sasa tangi letu: kilo 420 juu ya mita za mraba 0.6 ni kilo 700 kwa mita ya mraba. Ukiishia hapo utakata tamaa. Lakini kiwango kile ni cha chumba kizima kikijaa kwa wakati mmoja, na slabu haivunjiki kwa kutobolewa na tangi. Huumia kwa kukunjwa. Kwa hiyo linganisha nguvu ya kukunja.

Chukua ukanda wa slabu wenye upana sawa na urefu wa tangi, mita 1.2, unaovuka mita 3.5.

Kilichoruhusiwa: 150 × 1.2 × 3.5 = kilo 630. Mzigo uliotandazwa hukunja kwa kiasi cha uzito × urefu ÷ 8, yaani 630 × 3.5 ÷ 8 = kilo-mita 276 (ni kilo mara mita, si kilomita za umbali).

Tangi katikati ya chumba: uzito × urefu ÷ 4, yaani 420 × 3.5 ÷ 4 = kilo-mita 368. Limepita.

Tangi likiachwa sentimita 10 kutoka ukuta unaobeba: kiini cha uzito wake kiko mita 0.35 kutoka ukutani. Kanuni ni uzito × umbali wa karibu × umbali wa mbali ÷ urefu, yaani 420 × 0.35 × 3.15 ÷ 3.5 = kilo-mita 132. Hiyo haifiki nusu ya kilichoruhusiwa, na inabaki nafasi ya makochi na wageni.

Ona tofauti hiyo: 368 na 132, kwa tangi lilelile. Hesabu hii iko upande wa usalama, kwa kuwa slabu halisi hutawanya uzito nje ya ukanda huo na mara nyingi huendelea kupita ukutani hadi chumba cha pili.

Tujaribu kubwa zaidi: 180 × 60 × 60, kioo cha milimita 12, mawe kilo 100. Jumla inafika kama kilo 885. Likiegemezwa ukutani kiini kiko mita 0.4, na jibu ni kilo-mita 314 dhidi ya 413 zilizoruhusiwa kwa ukanda wa mita 1.8. Limepona kwenye karatasi, ila limekula robo tatu ya nafasi yote kabla hata mtu mmoja hajasimama mbele yake. Kuanzia hapo hatushauri kuendelea bila mhandisi aliyesajiliwa. Na kama jibu lako la ukutani linapita nusu ya kilichoruhusiwa, ichukulie kuwa ni dalili ya kusimama, hata tangi likiwa dogo kuliko hilo.

5. Kagua, kwa sababu hesabu inaamini jengo lilijengwa sawasawa

Hesabu hiyo yote inategemea zege lenye nguvu iliyokusudiwa na nondo zilizokaa mahali pake. Jengo la Huruma, Nairobi, lililoanguka Aprili 2016, na lile la Kariakoo, Dar es Salaam, Novemba 2024, yanatosha kutukumbusha kwamba jengo kusimama si uthibitisho kuwa liko imara.

Pima unene wa slabu kwenye ukingo wa ngazi au tundu la bomba, na utoe kigae na lipu. Sentimita 15 kwa chumba cha mita 3.5 hadi 4 ni kawaida. Ukikuta 10 au 12 kwa urefu huohuo, usiweke tangi kubwa.

Vuta uzi wa fundi chini ya dari ya jirani kutoka ukuta hadi ukuta, ukibana kila ncha kwa kipande cha mbao cha unene mmoja. Pima katikati dari imeshuka kiasi gani kuuelekea uzi. Mpaka unaokubalika ni urefu ÷ 250: kwa mita 4 ni milimita 16. Kama imeshafika hapo bila tangi, haina nafasi ya tangi.

Tafuta madoa ya kutu, zege lililomeguka na kuonyesha nondo, na ufa unaopita katikati ya dari sambamba na ukuta unaobeba. Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu mara nyingi ni wa lipu tu. Ule ambao ukucha unaingia ni jambo jingine.

Roshani iliyochomoza bila nguzo usiitie kwenye mpango kabisa. Nondo zake muhimu ziko juu ya zege, tofauti na za chumbani zilizo chini, na wakati wa kumwaga zege vibarua huzikanyaga kwa miguu na mikokoteni mpaka zikazama. Roshani hiyo hubeba viti na watu kwa miaka, kisha ufa unatokea juu, pale inapoungana na jengo. Tena sakafu yake imeinamishwa makusudi ili maji ya mvua yatoke.

6. Stendi na vigae

Kilo 420 kwenye miguu minne ya paipu za sentimita 4 × 4 ni kilo 6.5 kwa kila sentimita ya mraba. Zege halisikii, kigae kinasikia, hasa pale fundi alipoweka donge la saruji katikati ya kigae na kuacha kona zikiwa tupu. Gonga kila kigae kwa sarafu, katikati na kona zote nne. Chenye sauti tupu ama king'olewe kipangwe upya, ama mguu usikanyage hapo.

Chomelea sahani za chuma za sentimita 10 × 10, unene milimita 6, chini ya kila mguu: mkandamizo unashuka hadi takriban kilo 1 kwa sentimita ya mraba. Chini ya sahani weka kipande cha mpira mgumu. Juu ya stendi weka plaiwudi ya milimita 18, kisha sponji jembamba la milimita 5 hadi 10, ndipo tangi. Matangi yenye fremu ya plastiki inayoning'iniza kioo cha chini hayahitaji sponji.

Pima kwa pimamaji urefu, upana, na kutoka kona hadi kona. Tofauti isizidi milimita 2 kwa urefu wa sentimita 120. Kurekebisha kufanyike chini ya miguu ya stendi kwa vipande vya bati. Usichomeke kitu chini ya kioo kamwe, kwa kuwa hapo kioo kinabaki kimeshikiliwa sehemu moja na kupasuka wiki au miezi baadaye.

7. Jaza kwa awamu

Kabla ya maji, chora kwa penseli mstari unaokata kila ufa wa karibu, kwenye sakafu yako na dari ya chini, na uandike tarehe. Pima uwazi kati ya sakafu na kigae kinachopanda ukutani nyuma ya stendi.

Jaza theluthi moja. Maji yenyewe yatakuonyesha usawa: pima kimo chake kwa rula kwenye kona zote nne. Likiwa limeinama zaidi ya milimita 3, toa maji urekebishe sasa. Subiri siku nzima, kagua, jaza theluthi ya pili, subiri tena, kisha malizia. Mlango wa chumba kilekile ulioanza kukwaruza sakafu au kubana kwenye fremu, ufa uliopanuka, au uwazi ulioongezeka kwa milimita kadhaa: anza kutoa maji saa hiyohiyo kwa mpira, na usingoje kesho.

Zege na mbao huendelea kulegea chini ya mzigo usioondoka. Slabu iliyoshuka milimita 2 siku ya kwanza inaweza kufika mara mbili au tatu ya hapo baada ya miaka michache. Rudia vipimo baada ya mwezi, baada ya miezi sita, kisha kila mwaka.

Wafugaji wa samaki wa maji ya chumvi waweke trei pana isiyopitisha maji chini ya stendi. Chumvi inayodondoka kidogokidogo hupenya kwenye maungio ya vigae, huvunja kinga ya nondo ndani ya zege, na kutu ikivimba hulimegua zege kutoka ndani.

8. Hesabu ikikataa

Punguza kimo kwanza. Kushusha maji kutoka sentimita 46 hadi 36 kwenye tangi letu kunaondoa kama kilo 57, na samaki wengi hawapotezi chochote. Au hamia kona, au ghorofa ya chini.

Ukimwita mhandisi, mpe namba tatu: uzito kamili, vipimo vya eneo linalokanyagwa, na umbali kutoka ukutani. Muulize kama atapima zege kwa nyundo ya Schmidt, kifaa kinachokisia nguvu ya zege kwa kuligonga, na kutafuta nondo kwa kifaa cha kuzisoma bila kuchimba. Jibu lake liwe la maandishi lenye namba yake ya usajili, na nakala moja apewe mwenye nyumba kabla tangi halijaingia mlangoni.